Sentensi Arobaini na Moja za Mama Hewa

Asubuhi ya leo nilikuwa nafua sketi ya shule nyuma ya nyumba, na kila nikisugua nilikuwa narudia maneno yangu ya saa nane. Nasugua, nasema. Nasuuza, nasema. Kwa sauti ndogo sana, kwa sababu hapa kambi ya polisi nyumba zetu ni za bati, za duara, zimebanana, na ukikohoa kwako jirani anakujibu pole.

Hata hivyo Babra alinisikia. Yeye ni mke wa konstebo wa nyumba inayofuata, na Mama alimwomba awe ananiangalia. Akatoa kichwa mlangoni, mswaki mdomoni.

"We Abalo, unagombana na nani?"

"Na sabuni."

"Sabuni! Kyoka wewe, kituko! Wiki nzima huongei na watu, halafu Jumamosi unaongea na sabuni."

Akarudi ndani anacheka. Sikumwambia zaidi. Ukimwambia Babra jambo ni kama umelitangaza kwenye paredi.

Jambo lenyewe ni kwamba leo mchana ningeshika maiki kwenye banda la Kamis. Mimi, ambaye darasani mwalimu akiniuliza najibu kwa kichwa. Ningesema sentensi tatu, zingerekodiwa, na Mama angezisikia kule kazini kwake Moroto.

Kamis ni Mnubi, alikuwa polisi wa redio miaka mingi. Alipostaafu akafungua banda la filamu nje ya geti, akawa VJ, mtu wa kutafsiri filamu kwenye maiki watu wakiangalia. Kule mjini, mitaa ya Bwaise na Nateete, VJ ni wengi, na wote wanatafsiri kwa Luganda. Kamis anatafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu kambini kuna Waacholi, Walango, Walugbara, Wateso, na Kiswahili ndicho tunachokutana nacho katikati, hata kama kila mtu anakivunja kwa njia yake. Anapunguza sauti ya filamu mpaka karibu na sifuri, anashika maiki, na yeye peke yake anakuwa watu wote. Wanaume anawapa kila mtu sauti yake. Wanawake wote anawapa sauti moja, nyembamba, kama ya mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Filamu anayoipenda kuliko zote ni ya zamani sana, ya televisheni ya Ulaya, imetengenezwa kabla Mama hajazaliwa. Ina sehemu ishirini na sita. Watu wanasafiri kwenye meli kubwa kati ya nyota, hawafiki popote, na kila sehemu kuna shida mpya. Sisi tunaiita Meli ya Juu. Milango ya hiyo meli inatikisika ikifungwa kwa sababu ni ya maboksi, na zimwi la sehemu ya nne lina zipu mgongoni, ukiangalia vizuri. Hakuna anayejali. Nahodha wa meli Kamis anamwita Afande, na Afande akiingia watoto wa mbele wanapiga saluti.

Na kuna mwanamke mmoja. Anakaa upande wa kushoto mbele ya mita za hewa. Kazi yake ni kuangalia kama hewa ya kupumua inatosha meli nzima. Yupo sehemu zote ishirini na sita. Mwishoni majina yakipita, lake linakuja la mwisho kabisa, chini ya mtu aliyeigiza maiti. Sisi tunamwita Mama Hewa.

Sasa, kazi ya VJ inakausha koo. Unaongea saa nzima bila kushusha pumzi. Kwa hiyo Kamis ana chupa yake ya maji chini ya kiti, na kwa kuwa anaijua filamu yote kwa moyo, anajua atakunywa wapi. Anakunywa pale Mama Hewa anapofungua mdomo. Anasema haraka, "Ndiyo, afande," anainua chupa, gudu gudu gudu, na akimaliza kumeza Mama Hewa naye amemaliza. Miaka yote hiyo, sehemu zote hizo. Kambi nzima inajua kwamba Mama Hewa ana maneno mawili tu duniani. Watoto wanayasema pamoja naye. Na mimi, kwa kuwa naitikia tu na sibishi na mtu, tangu darasa la tano wananiita Mama Hewa.

Mimi ndiye ninayemsaidia Kamis Jumamosi, nakopi filamu kwenye flashi za wateja. Mwezi wa kwanza alikuwa anaongea na fundi wa spika, basi nikavaa hedfoni ili nihakikishe faili moja ya Meli ya Juu haijaharibika. Ilikuwa sehemu ya pili. Sikuwahi kuisikia filamu hiyo na sauti yake yenyewe. Mama Hewa akafungua mdomo, nikajiandaa kwa ile sauti ya kubanwa na mlango.

Sauti yake ni nzito. Nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nilidhani anaongea mtu mwingine. Alikuwa anasema, kwa Kiingereza, bila haraka: "Imebaki hewa ya saa sita. Lakini humu kuna mtu mmoja zaidi anayepumua."

Dakika kumi baadaye Afande akasema maneno yaleyale, kana kwamba yametoka kichwani mwake, na wote melini wakamsifu.

Nikaanza kusikiliza zote, sehemu moja moja, Kamis akienda kuswali au kula. Nilimaliza karibu na Pasaka. Mama Hewa ana sentensi arobaini na moja. Nimeziandika kwa Kiswahili kwenye daftari na zote zinaingia kurasa tatu. Nyingi ni namba tu, saa nne, saa mbili, robo tangi. Sehemu ya saba anamwambia Afande, "Mkono wako unatoka damu," na hakuna anayemjibu. Sehemu ya kumi na moja wamekaa mezani wanakula, wanaume wanasimulia kwao, nani alimwacha nani, na yeye anasema, "Mimi pia nina dada." Basi. Kamera inaondoka. Nilisikiliza sehemu zote kumi na tano zilizobaki nikingoja habari za huyo dada. Hakuna aliyemwuliza. Ningekuwepo ningemwuliza mimi, anaitwa nani, ni mkubwa au mdogo, anajua uko wapi?

Halafu kuna sehemu ya kumi na tisa. Homa imeingia melini, watu watatu wamefungiwa chini. Afande anaamuru hewa ya kule chini izimwe ili ibaki ya wengine. Mama Hewa hageuzi hata kichwa. Anasema, "Hapana, afande. Siwafungii hewa. Kama unataka, njoo uzime mwenyewe." Afande anabaki ameshika kiti. Kisha zimwi linagonga mlango na filamu nzima inalikimbilia zimwi. Mwishoni wale watatu wanatoka wazima, wanakumbatiwa, na hakuna anayetaja kwa nini.

Banda letu limegombana miaka juu ya wale watatu. Konstebo Erinayo hakosi filamu na hakosi swali. Kila mara anasimama, anauliza, "Mzee Kamis, hewa si imezimwa? Huyu mama si amesema ndiyo? Sasa hawa wamepona vipi?" Na kila mara Kamis anajibu kwenye maiki, "Afande amewaombea."

Wiki iliyopita nilimpelekea Kamis daftari. Nilikuwa nimelishika tangu asubuhi, nikampa saa kumi wakati nafunga mlango, ili nikishindwa niwe tayari nje.

"Nini hii?"

"Maneno ya Mama Hewa, mzee."

Akasogeza miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili. "Yote hii amesema yeye?"

"Yote."

"Weye iko na uhakika?"

"Nimesikiliza mara nyingi."

Akafunga daftari polepole. Kisha akasema, "Sasa mimi nakunywa maji saa ngapi?"

Nilidhani anatania.

"Angalia koo hii," akasema. "Afande anaongea, ni mimi. Zimwi anaongea, ni mimi. Daktari, ni mimi. Nikichukua na huyu mama pia, mtanizika hapa na maiki yangu."

Nikanyoosha mkono nichukue daftari niende. Hakuliachia.

"Ngoja. Rekodi zile za zamani zote virusi imekula. Jumamosi narekodi upya, ya kumi na tisa. Basi mimi nakunywa maji, weye unasema. Lakini mara moja tu. Kamis hapana rudia. Kitu ya kurudia haina moto."

Mimi nilitaka aseme yeye. Sikuwahi kufikiria kwamba ningesema mimi. Lakini nilikubali, kwa sababu ya flashi. Kamis anarekodi palepale watu wakiwa wamejaa, kelele zao zikiwa ndani, halafu flashi zinaenda kwenye vituo vya polisi vya mbali. Ya Moroto inaondoka na lori la chakula Jumapili alfajiri. Mama yuko huko tangu mwezi wa pili. Ni sajini, wako askari kumi na wawili kwenye kituo kimoja na televisheni moja, na mtandao anaupata akipanda kilima cha tangi la maji. Akipata nafasi. Mara nyingine zinapita siku sita.

Jumatano alipiga.

"Mama, nitakuwa kwenye flashi ya Kamis."

"Kwenye nini?"

"Flashi. Ya kumi na tisa. Mimi ndiye Mama Hewa."

"Wewe? Na hiyo sauti yako ya panya?" Akacheka mpaka upepo ukamjaa kwenye simu. "Utasema ndiyo afande?"

"Hapana. Hasemi hivyo. Utasikia."

"Sawa. Nitawanyamazisha wote hapa. Hata OC, mkuu wa kituo. Nitawaambia, nyamazeni nyote, mtoto wangu anaongea."

Kisha laini ikakatika. Lakini hiyo ilinitosha mpaka leo.

Saa nane banda lilikuwa limejaa. Watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye mabenchi, polisi wa zamu ya usiku na ndala zao na njugu zao. Kamis alinikalisha kwenye kiti cha plastiki pembeni yake, mahali ambapo kila mtu anakuona.

"Abalo, umefanya nini ukamatwe?" Erinayo akaniita kutoka nyuma. Watu wakacheka. Nikaangalia miguu yangu.

"Mwache," Kamis akasema. Kisha kwangu, chini chini, "Nikiinua chupa, weye unasema. Sauti kubwa. Hapana ogopa hawa, hawa ni njugu tu."

Akabonyeza kurekodi.

Nilikuwa sawa. Naapa nilikuwa sawa. Homa ikaingia melini, Kamis akakohoa kwa sauti tatu tofauti, watu wakamshangilia. Wale watatu wakafungiwa. Afande akasimama nyuma ya kiti cha Mama Hewa, na Kamis kwa sauti ya paredi akaunguruma, "Zima hewa ya chini! Hiyo ni amri!" Uso wa Mama Hewa ukajaa ukuta mzima. Kamis akainua chupa, akanisukumia maiki.

Nikavuta pumzi. Maneno yalikuwa pale, yote, kwa mpangilio.

Na katika ile pumzi moja watoto wote wa mkekani, ambao wanaijua nafasi yao kuliko hata Kamis, wakapiga kelele pamoja, "NDIYO, AFANDE!"

Nami nikasema pamoja nao.

Sijui kwa nini. Mdomo ulikwenda wenyewe, kama unavyoitika jina lako. Sauti yangu ilitoka kwenye spika juu ya zao zote, nyembamba, safi, kama ile ya Kamis ya kubanwa na mlango, ila yangu ilikuwa ya kweli. Banda lilivunjika kwa kicheko. Erinayo alipiga benchi na viganja vyote viwili. "Huyu ndiye mwenyewe! Mzee, umempata Mama Hewa mwenyewe!" Kamis alicheka mpaka maji yakamtoka puani.

Ukutani mdomo wa Mama Hewa ulikuwa bado unaenda. Sentensi zake ni tatu, zinachukua muda. Tulimaliza sisi, yeye akaendelea kuongea, na mimi nilikuwa najua kila neno.

Baadaye zimwi lilikufa na wale watatu wakatoka wazima. Erinayo akasimama kama kawaida. "Mzee Kamis! Hewa si imezimwa? Wamepona vipi?"

Kamis akaanza kujibu, kisha akaniangalia. Akashusha maiki, akaielekeza kwangu. "Safari hii muulize Mama Hewa," akasema. "Yeye ndiye anakaa kwa mita."

Wote wakageuka. Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa bado inawaka. Hapakuwa na mtoto anayepiga kelele sasa, hapakuwa na mtu aliyeniwahi, njugu zimesimama mikononi. Ningeweza kusema, "Nilikataa." Neno moja tu lingetosha.

Nikatikisa kichwa.

Kamis akangoja kidogo zaidi kuliko nilivyotarajia. Kisha akarudisha maiki mdomoni mwake. "Afande amewaombea," akasema, na watu wakapiga makofi.

Walipoondoka nilifagia maganda. Kamis alikuwa anafunga waya, anaimba puani.

"Mzee, tunaweza kurekodi pale tena? Pale padogo tu."

"Kwa nini? Weye hapana sikia watu?"

"Lakini sicho alichosema."

"Abalo." Akaacha waya, akanitazama kwa upole, na huo upole ndio uliniumiza. "Mimi nimefanya hii kazi miaka ishirini na mbili. Kicheko kama ya leo hapana nunua dukani. Wale wa Moroto watakufa na kicheko. Mama yako atakufa." Akafungua soda akanipa, baridi. "Sauti yako iko sawa kabisa. Jumamosi inakuja tunafanya ya ishirini. Weye tena. Mpaka ya ishirini na sita, huyu mama ni wako. Mimi nakunywa maji yangu kwa raha."

"Nitasema nini?"

"Ndiyo, afande. Kwani nini ingine?"

Alikuwa amenifurahia kweli. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa kazi ya mdomo.

"Sawa, mzee," nikasema.

Nilipofika nyumbani sketi ilikuwa imekauka. Babra akagonga bati kutoka upande wake. "Abalo! Nimesikia umechekesha watu mpaka geti! Kumbe unaweza!" Nikamwambia asante. Nilikula kiporo cha posho na maharage nimesimama, kwa sababu nikikaa mezani naona kiti kingine.

Saa moja jioni nilimwandikia Mama. Niliandika nikafuta, nikaandika. Kwanza nilitaka kurekodi sauti, lakini kuta ni bati. Mwisho nikaacha hivi:

"Mama flashi inakuja na lori la kesho. Ya kumi na tisa usiwanyamazishe watu, wala usiwaambie ni mimi. Nimesema vibaya. Ukipata mtandao nipigie nikuambie alichosema kweli, ni sentensi tatu tu. Na nyingine pia ninazo. Umekula?"

Nikatuma saa moja na dakika kumi. Ikatoka tiki moja, yaani bado haijamfikia.

Nimefanya hesabu za shule zote na za wiki ijayo. Redio ya Babra imezimwa. Getini wanapakia lori, nasikia magunia yakitupwa na mtu anawaambia taratibu, taratibu. Ni saa tano na nusu sasa, na nimeangalia tena. Tiki moja.